Bamia za Mama kwenye Kadi ya Oliva

Jumapili, jioni. Mvua haijakata hapa Mpanda tangu asubuhi. Shuka za Mama nimezianika ndani, mpaka kwenye migongo ya viti, na mgongo wangu mwenyewe unauma kama nimeshinda shambani.

Nimechoka. Naanza na hilo ili nisizunguke.

Mdogo wangu Oliva anaweka nadhiri za daima Jumamosi hii huko Sumbawanga. Atakuwa sista mpaka kufa. Baba mdogo amefika jana kutoka Mpimbwe na mchele wa sherehe, kesho anapanda basi kwenda kutuwakilisha, na ameniagiza kadi ya familia. Kadi za mikono naziweza, nafundisha chekechea. Kwenda ndiyo siwezi. Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia umelala, maneno hayatoki, na hakuna mwingine wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza.

Sasa niseme ambalo hata padri sijamwambia. Mpaka leo naomba Oliva arudi nyumbani. Wenzake wawili walirudi kabla ya nadhiri za daima, wakaolewa, wanaishi vizuri tu. Nikajiambia na yeye atarudi, tupokezane kwa Mama. Jumamosi tumaini hilo linakwisha, na mimi ndiye ninayelichorea maua.

Nilianza baada ya kumlisha Mama mchana. Nikakunja karatasi nyeupe ya manila, nikailowesha kwa brashi, nikapitisha rangi ya maji, njano hafifu ikiingia kwenye waridi. Ikagoma kukauka. Kwa unyevu huu hata chumvi inatoa maji. Nikaishikilia juu ya jiko, pembe moja ikajikunja.

Mihuri yangu ni bamia. Ukiikata karibu na kikonyo, ukaifuta ute kwa kitambaa, ukaichovya kwenye rangi nzito, inapiga ua zuri la petali tano. Leo sikuifuta vizuri, ua la kwanza likateleza, nikaligeuza kuwa jani. Bamia zenyewe ni za chakula cha Mama cha usiku. Ndizo anazomeza bila kupaliwa.

Nje kadi ilipendeza. Ndani ikabaki nyeupe.

Neno moja tu lilitakiwa, hongera, na mkono ukakataa. Baba mdogo akachungulia mlangoni. "We binti, hongera tu inakushinda? Nyie mliosoma mna shida kweli!" Nikamjibu rangi bado mbichi. Ilikuwa mbichi kweli, ila siyo sababu.

Nikaiacha kadi, rangi na bamia kwenye kigoda kando ya kitanda cha Mama, nikaenda kuongeza mkaa. Kurudi, Mama ameshika bamia kwa mkono wa kushoto, anapiga maua ndani ya kadi. Yamepandana, mengine nusu, moja limeishia kwenye shuka niliyoitandika asubuhi. Kwanza nilikasirika, maana shuka ile nitaifua mimi. Halafu nikaona uso wake. Alikuwa anacheka kwa upande mmoja.

Akanionyesha kadi, akasema, "Oli."

Ndilo neno la kwanza kueleweka tangu augue. Jina langu mimi, ninayemshika kila siku, bado hajalitamka. Nilikaa sakafuni nikalia mbele yake, sikwenda kujificha nje. Furaha ilikuwepo, wivu nao ulikuwepo, na sitaki kudanganya upi ulizidi.

Maua yalikuwa yameacha nafasi ndogo tu chini. Nikachukua kalamu, na safari hii mkono haukukataa:

"Oliva, maua ya huku ndani amepiga Mama. Amekutaja jina. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Wakikupa likizo, usipitie kwa mtu yeyote. Njoo ukae naye, mimi nilale."

Nimeisoma mara mbili, sijafuta kitu. Hongera imekosa nafasi. Nilifikiria kuichomeka pembeni kwa herufi ndogo, nikaona hapana, nikafunga bahasha na kumpa Baba mdogo.

Hongera atapewa na kanisa zima. Hili la kwangu hakuna mwingine wa kumwambia.