Jua Lililochoma Miche ya Kahawa

Beni, Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, baridi kidogo. Moyo umetulia.

Shule imefungwa tangu mapigano yalipokaribia barabara ya Butembo. Mimi, mwalimu wa biolojia kutoka Kasai, nashinda nyumbani kwa Mama Kavira, mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Beu. Mwezi uliopita askari walichukua nyasi zilizofunika miche yake ya kahawa, wakaezekea vibanda vyao. Hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Baada ya siku chache za jua kali, majani yakaanza kupauka. Njano, halafu karibu meupe.

Mama Kavira akasema ni sumu. Akamtaja Mama Sifa, mkimbizi kutoka Kanyabayonga, anayechota maji kwenye bomba letu.

"Anapitaka hapa kila asubui," aliniambia. "Nitamupeleka kwa basoda."

Niliogopa. Siku hizi mtu akipelekwa kwa askari kwa neno kama hilo, huenda asirudi.

Nikamwomba aningoje kwanza nitazame. Miche iliyokuwa chini ya mti wa avoka ilikuwa mizima, ingawa ilinyweshwa maji yale yale ya bomba. Kisha nikaona jani lililopauka, limelaliwa na jani lingine. Nikaliinua lile la juu. Pale lilipofunika palikuwa kijani kabisa, umbo la jani limechoreka juu ya jani.

Nikamwita aone.

"Hapana sumu, mama. Ni jua."

"Jua njo inalishaka mimea, mwalimu."

"Inalisha, lakini hii ilizoea kivuli. Mwanga ikizidi, jani haiwezi kuitumia yote. Ile yenye inabakia inaharibu mahali jani inatengenezaka chakula yake."

Akachukua panga akaenda kukata majani ya migomba. Tukafunika miche pamoja.

Leo machipukizi yanatoka, kijani. Majani yaliyopauka kidogo yamerudia rangi yake, yaliyoungua yameanguka.

Jana Mama Kavira alimpelekea Mama Sifa sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliipokea, akasema aksanti. Lakini bombani kwetu haji tena; maji anachota mtoni, mbali kule bondeni. Maneno yale ya sumu yalikuwa yameshamfikia.

Simlaumu.

Kesho asubuhi nitashuka mtoni nimsaidie kubeba bidoni yake ya maji, nimwombe arudi bombani kwetu. Akikataa, nitaibeba tu hadi kwake, na keshokutwa nitashuka tena.