Mama, Wanasema Tena Tumeleta Baridi

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Wiki hii theluji imeanguka Johannesburg, theluji kweli, juu ya mabati ya mtaa wetu wa Malvern na juu ya teksi zilizosimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, za Jules Street. Nimekukumbuka hadi nikashindwa kukanyaga cherehani.

Unaukumbuka ule mji wa machimbo, kule jangwa la Kalahari? Tulipofika ulikuwa na barabara moja na duka moja. Mwaka haujaisha, watu wakawa kama siafu, Wasotho, Wakongo, Wazimbabwe, na sisi wa Kasulu, sote tumefuata mgodi. Vibanda vilibanana hadi mtu akikohoa, jirani anamwambia pole. Bomba lilikuwa moja tu, nawe ukauza maandazi kwenye foleni ya maji, ukamjua kila mtu kwa jina.

Kisha ikaja ile baridi ya ajabu. Jangwani, mwezi wa saba, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, halafu barafu ikaziba bomba. Jirani yetu, bibi mmoja mzaliwa wa palepale, akaja kusimama mlangoni. "Tangu mjazane hapa, hata mbingu imeharibika. Rudini kwenu."

Ulijifuta unga mikononi, ukamjibu kwa Kiafrikana chako cha kuokoteza: "Ningejua kuita mvua, ningeanza na shamba la baba yangu." Alicheka kabla hajajizuia. Ukamchotea maji kwenye pipa lako, akaenda zake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naona haya, naogopa. Nikakusihi tuondoke, asubuhi na jioni, mpaka ukachoka ukasema, "Haya, mwanangu, funga mizigo." Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo, Mama. Naomba leo. Kule ulikuwa na wateja, na kibanda ulichokiezeka kwa mikono yako. Hapa Johannesburg uliishia kukaa kitandani ukisikiliza cherehani yangu, hadi kifua kikakuchukua.

Sasa sikiliza. Nyumba hii ina familia saba, maana mwenye nyumba ameigawa sebule kwa mbao mara tatu. Jana wapangaji wenzangu wanne walinigongea. Msemaji wao ni yule fundi viatu wa chumba cha mbele, mtu ambaye nimemshonea suruali. "Eish, dada, tumekuwa wengi. Maji hayatoshi, na sasa hata theluji. Wageni mtangulie kutoka."

Yaani theluji, Mama! Nikamwambia, "Mbao kaziweka mwenye nyumba. Twendeni kwake sote, mimi natangulia." Wakakataa. Wamesema watarudi Jumapili, wanikute na jibu la maana.

Walipoondoka nilimkuta mjukuu wako Neema, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kizulu, anapanga nguo zake kwenye begi la shangazi kaja, lile la safari la miraba. Hakuwa analia. Alizikunja moja moja kwa utaratibu, mtoto wa miaka sita, kama mtu aliyezoea kufukuzwa. Hapo ndipo hasira iliponipanda hasa. Nikazimwaga nguo kitandani, nikachukua mkasi, nikalikata begi lote, nikalishona kuwa pazia la mlango. Zito, halipitishi baridi.

Jumapili wakija, itabidi walisogeze ili waingie. Watanikuta kazini, kwenye cherehani.

Lala salama, Mama.

Binti yako,
Mama Neema wa Malvern