Paka Wako Hatupwi

Mkolani,
Mwanza.
9 Septemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Precious,

Shikamoo yako nimeshaipokea hata kabla hujaitamka: marahaba, mke mwenzangu. U hali gani huko Songea? Baridi vipi, na kile kikohozi kilikwisha? Sisi ni wazima. Mumeo, babu yako Masele, anakula, analala na kulalamika kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Mvua imeanza kugusagusa na ziwa limechafuka, hata dagaa wameadimika sokoni.

Sasa habari za paka wako, Sangara. Shuleni simu hamruhusiwi, na sitaki uzisikie kwa mtu mwingine. Aliugua, mjukuu wangu, nusura tumpoteze. Aliacha kula, akawa anatokwa mate mpaka kifua kinalowa. Jirani yetu Gladness alipomwona akasema, "Mama, huyo ana kichaa huyo." Babu yako hakuuliza mara mbili. Akatoa gunia stoo, akasema paka anakwenda kutupwa Nyakato, asijue njia ya kurudi.

Nikakataa. Kama kweli ana kichaa, watu wa Nyakato wametukosea nini? Tena wewe mwenyewe ulimpeleka kuchanjwa kabla ya kwenda shule. Na mimi nilikuwa nimemtazama vizuri: alikuwa anaisogelea sahani, ananusa, anaonja, halafu anarudi nyuma akijipangusa mdomo kwa mguu. Mnyama wa namna hiyo njaa anayo, ila kuna kitu kinamuuma.

Nikamviringisha kwenye kanga, kichwa tu nje, nikaketi naye mlangoni penye mwanga. Macho yalikuwa safi. Masikio nayo safi, hayanuki. Mbavu, masikini, nilizihisi zote chini ya manyoya, na moyo uliniuma kweli. Nikamfungua kinywa taratibu. Alinikwaruza, sikumwachia. Fizi zilikuwa zimevimba, na kule juu mfupa umekwama kutoka jino hadi jino. Nikauchomoa kwa kibano cha kutolea miiba. Baadaye bwana mifugo alipita akamchoma sindano, na jioni ile ile Sangara akalamba mchuzi wote.

Mfupa wenyewe ulikuwa wa mapanki. Unamjua babu yako na mapanki ya kukaanga: akishafyonza mabaki yale ya samaki aliyetolewa minofu, humtupia paka kwa mapenzi, nasi sote tuliona anamtendea hisani. Nimepiga marufuku. Sasa paka anakula samaki niliyemchambua miiba kwa mkono wangu, na kila Jumapili tukitoka kanisani namkagua kichwa hadi mkia, apende asipende. Babu yako ndiye anayemshika, na manung'uniko yake nimeyazoea.

Kwa hiyo usikose usingizi. Mbavu zimeanza kufunikwa nyama, na ukija likizo utamkuta hapa hapa nyumbani.

Mjomba wako Obedi na mkewe Odeta wanakusalimu sana. Soma, mama, na Mungu akufunike kwa mkono wake huko ugenini.

Babu yako naye anakusalimu. Aliniomba nikuandikie tu kwamba paka hajambo, nisilitaje gunia. Nimelitaja.

Ni mke mwenzio akupendaye bila kukuficha kitu,
Bibi Wilhelmina