Maua Yangu Yamemvunja Dilwyn Mkono

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, na jina langu usilitaje, ingawa hapa Pentre-glas ukisema tu "yule mama wa maneno" Wales nzima itanijua, maana mimi siri hainikai, hata mimba ya binti wa mchungaji niliijua kabla ya mchungaji mwenyewe, lakini hii moja nimeimeza miezi mitatu na sasa inanikaba.

Barabara ya kanisani kuna shimo, kubwa, unaweza kumwogeshea mtoto, mwezi wa pili nikapigia simu halmashauri, dada wa simu akanipa namba ya malalamiko, nikaiandika kwenye kalenda ya jikoni, wiki zikapita kimya, basi nikasema ngoja niwaaibishe kama watu wa huku wanavyofanya, nikaamka alfajiri nikajaza udongo nikapanda maua ya njano, yakapendeza hayo! Watu wakapiga picha, kila mtu akawa anauliza nani kapanda, na mimi nikauliza nao, tena kwa sauti kuliko wote. Kumbe mvua inakula udongo kwa chini, magari yakalaza majani juu kama mkeka, shimo halionekani, mwezi wa nne Dilwyn akaja na baiskeli yake akaingia mzima mzima, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika.

Huyu Dilwyn anapita nyumba kwa nyumba na baiskeli kurekebisha piano za watu zilizopoteza sauti, marehemu mkewe alikuwa shoga yangu, ndio maana kila Alhamisi nampelekea supu, sasa vidole haviwezi hata kuzungusha kitasa, kazi hana tangu siku ile. Kaomba fidia, halmashauri wamemjibu hatulipi, hatukuwa na taarifa ya shimo. Juzi namkatia nyama kwenye sahani kama mtoto, akasema, "Shemeji, ningempata aliyepanda yale maua!" Nikamuuliza, "Ungemfanya nini?" Akacheka, "Ningemkalisha hapa anikatie nyama, wewe ukapumzike." Nikacheka naye, halafu nikaenda chooni kwake kulia.

Nikitoa ile namba labda watamlipa, lakini si watauliza na maua kapanda nani? Sina mwingine wa kumpelekea supu, mshauri. Nifanyeje?

MAJIBU

Mama wa maua,

Futa machozi kwanza. Shimo hukulichimba wewe, na ulipiga simu wakati kijiji kizima kinalikwepa tu. Hapo nakupongeza. Kwenye hii miezi mitatu sikupongezi hata kidogo! Mtu ananyimwa haki yake kwa neno "hatukuwa na taarifa", na taarifa inaning'inia jikoni kwako? Mkono mmoja unampa supu, na huku umemkalia karatasi yake.

Sasa sikiliza. Kalenda hiyo usifute kitu wala usiongeze. Omba kampuni yako ya simu ikupe orodha ya simu ulizopiga siku ile ya malalamiko. Waliopiga picha za maua wakupe nazo, zina tarehe. Halafu Dilwyn apeleke vyote kwa wale washauri wa sheria wa bure hapo mjini, madai yarudi upya. Kukataliwa mara moja siyo mwisho wa kesi.

Na maua uyaseme, mama. Yanaweza kumpunguzia fidia, na wewe mwenyewe unaweza kulaumiwa, ndiyo, kwa hiyo ongea na hao washauri kwa upande wako pia. Lakini halmashauri wakija kuyavumbua wenyewe, watamwona Dilwyn mwongo, naye hajui lolote maskini.

Atakuchukia? Sijui, na mimi sikudanganyi. Pengine atakufungia mlango wiki mbili. Supu weka kizingitini, gonga, ondoka, kesho yake chukua sufuria yako bila maneno. Mtu akiumizwa na anayempenda, hasira yake inataka muda, usimharakishe kukusamehe ili wewe ulale.

Usingoje Alhamisi. Nenda leo na kalenda mkononi, umwambie pale pale mlangoni, kabla hujavua koti. Ukishakaa ukapewa chai utaanza habari za watu, na nakujua, utatoka hujasema.