Aliyemkosha Mtakatifu Yosefu ni Mimi

Mwanangu mpendwa Veronika,

Salamu nyingi zikufikie huko Nakuru. Babako hajambo, ila kifua chamsumbua asubuhi. Asema nikusalimie wewe na mumeo. Kakako Faustini yuko bandarini kama kawaida, akusalimu. Bibi yako kaja kutoka Taita, aulizia kama wala vizuri. Hata jirani yetu Mama Zuhura kanisisitiza nisiisahau salamu yake. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Barua hii nimeianza mara nne. Wajua shule yangu ni darasa la tatu, lakini hili sikutaka kumpa mtu aniandikie.

Wakumbuka Jumamosi ile kabla ya Majilio, tulipokwenda kusafisha kanisa? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa na kina mama wa kupamba altare. Tuliambiwa sanamu hupanguswa kwa kitambaa kikavu tu. Nami nikamwona Mtakatifu Yosefu ana vumbi kwenye mikunjo ya kanzu, nikasema, maskini, baba wa watu huyu hana wa kumwosha. Ulipokwenda bombani kuongeza maji, nikamsugua kwa sabuni na makumbi ya nazi, kama nisuguavyo masufuria. Ndevu zikashuka na povu, kisha macho. Ikabaki plasta nyeupe.

Ukaingia na ndoo, na nyuma yako mwenyekiti wetu. Akauliza nani kafanya hivi. Makumbi nilikuwa nimeshayasukuma chini ya benchi. Nikaitazama ndoo yako, nikanyamaza.

Akakwambia, "Veronika, Mtakatifu ni sufuria ya pilau?"

Ukanitazama, ukangoja. Kisha ukasema, "Nisameheni."

Wewe ndiwe uliyekuwa umechaguliwa kuibeba sanamu ya Mtoto Yesu hadi pangoni Krismasi ile. Wakampa mwingine, na gauni lako jeupe limeshashonwa. Tukirudi nyumbani uliniuliza mara moja tu, "Kwani uliogopa nini, mama?" Nikageuza maneno, nikaanza habari za kisamvu cha kupika jioni. Niliogopa wasiniite tena, mwanangu. Jambo dogo hivyo.

Juzi tumesafisha tena, tukatandika vitambaa vya zambarau. Yosefu siku hizi ana macho aliyochorwa upya na fundi wa mabango, makubwa, kama mtu aliyeshtuliwa. Mama mmoja mgeni akachovya kitambaa majini, na mwenyekiti akamwambia, "Wewe, usije ukawa Veronika." Wote wakacheka. Nami nikacheka, Veronika. Jina lako nililokupa mwenyewe, nikalicheka na watu.

Usingizi ukanikataa. Jumapili, baada ya mshumaa wa kwanza kuwashwa na misa kwisha, nikamfuata mwenyekiti uani nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekwambia wewe. Nikajibu kwamba wajua, ulikuwepo.

Akasema, "Kujua si kuambiwa."

Krismasi tatu hujaja nyumbani. Wasema likizo hakuna, nami sijauliza zaidi kwa kuogopa jibu. Kwetu radhi huombwa mzazi. Leo mzazi ndiye aombaye: niwie radhi, mwanangu. Nilikuona ukingoja niseme, nami nikakuacha peke yako.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja, hata uwe wa kunigombeza. Simpi mtu anisomee. Nitausoma mwenyewe, polepole, mpaka nifike mwisho.

Ni mimi mamako,
Majengo, Mombasa