Gauni la Ubao wa Pili

Karama, Dubai

Kioko, mdogo wangu uliyenifuata,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea tusalimu hata mtu tunayetaka kumpiga. Presha imeshuka? Mama Ndinda anaendeleaje na mgongo? Yule ng'ombe wa madoa amezaa, au bado anakula bure kama wewe? Mimi ni mzima. Bado nalinda mlango wa nyuma wa lile jengo la Marina, mlango wa wafanyakazi na takataka, na joto la mwezi huu lingekuyeyusha wewe mwenye mafuta. Chumbani tuko sita, watatu wanakoroma. Salamu zimeisha, khalas.

Sasa nisikilize. Simu yangu unaikata kila nikipiga, ndiyo maana barua hii nimempa Musau, mwenzangu wa lindo anayekuja likizo, akutie mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka uimalize, na kama miwani imepotea tena akusomee yeye, kwa sauti, mke wako akiwapo. Binti yako yuko karibu kusaini miaka mingine miwili huku, na hafanyi hivyo kwa kupenda Dubai. Anafanya hivyo kwa sababu yako.

Mama Ndinda alinieleza yote huku analia. Bahasha ilifika kutoka kwa mtoto, ukaifungua wewe, ingawa jina la juu ni la mama yake. Ukatoa karatasi ukaona mwanamke amechapwa kwa wino: uso wa Ndinda, mikono ya Ndinda, na katikati mwili wa mistari mitupu, mweupe, hauna hata leso. Ukaibeba mpaka kwa wazee wenzako wa kanisa. Mkaitazama, na ninavyowajua mliitazama sana. Kisha ukaitia jikoni ikaungua, ukampigia mtoto simu ukamwambia asikanyage boma lako mpaka asimame mbele ya kanisa zima atubu, na hata akitubu atakaa benchi la nyuma na waliotengwa.

Kioko, hicho kichwa kikubwa Mungu alikupa cha kazi gani?

Ngoja nikufundishe, mimi niliyeachia darasa la tano. Madam anayemwajiri Ndinda ni Mmarekani, anakaa juu kabisa kwenye jengo langu, na kazi yake ni kuchapa picha. Anachonga ubao kwa kisu, anapaka wino kwa rola, anaweka karatasi, anapitisha kwenye mashine. Mashine yenyewe nilisaidia kuitoa kwenye lifti na kiuno hakijanisamehe. Alipochonga panatoka peupe, alipoacha panatoka peusi. Hata wewe unaweza kuelewa.

Siku hizi anachapa wanawake wa dini wa zamani, Wapuritani. Hao ni Waingereza walioona makanisa ya kwao yamelegea, wakapanda meli wakaenda kuanza maisha Marekani, wa mwanzo mwanzo. Ungewapenda. Hakuna ngoma, hakuna Krismasi, hakuna kucheka Jumapili. Madam ni wa ukoo wao, na anasema vitabuni wameandikwa waume, wake zao hawaonekani. Basi anawachapa wao: huyu anachota maji kwenye theluji, huyu anafua kwa maji ya majivu, huyu anazika mtoto wa tatu.

Kwanza alimwita rafiki yake Mzungu akae kama mwanamke anayefua. Yule mama aliinama kidogo juu ya karai akaomba kiti. Ndinda alikuwa anapita na ufagio, kicheko kikamtoka.

"Haya, nionyeshe wewe," Madam akamwambia.

Mtoto akainama kama mama yake anavyoinama mtoni, miguu imenyooka, mgongo kama meza, akatulia hapo huku anaimba. Tangu siku hiyo ndiye yeye kwenye kila picha.

"Lakini Madam," nilimuuliza, "hao watu si walikuwa weupe?"

"Walikuwa weupe, Mzee. Sijapata mweupe anayejua kuinama."

Siku hiyo nilimpenda.

Na nguo, ndugu yangu. Gauni zito jeusi kutoka shingoni mpaka kisiginoni, aproni juu yake, kofia ya kitambaa mpaka kwenye masikio. Hapa Dubai. Mtoto alitoka jasho AC ikiwa inanguruma. Kwaya ya kanisa lako inavaa sketi za kuonyesha magoti, na usiniambie hujaziona, kwa sababu unakaa kiti cha mbele.

Sasa utauliza gauni lilikwenda wapi. Picha ile inachapwa kwa mbao mbili. Ubao wa kwanza una mtu: uso, mikono, na mistari ya mwili ili Madam ajue gauni litakaa wapi. Ubao wa pili una gauni tu. Karatasi inapita mashine mara mbili. Zile za kujaribia ubao wa kwanza zinatupwa kwenye pipa, na ndiko Ndinda alikookota yake. Aliipenda kwa sababu uso wake umetoka wote, kabla kola ya gauni haijafunika kidevu.

"Mama ataniona," aliniambia. "Ataona nimenenepa."

Hakuona mwili kwenye ile karatasi. Aliona uso wake. Mwili mliuona ninyi wazee, tena kwa mistari kama ile fundi cherehani anachora kwa chaki. Nyinyi ndio wa kuwekwa benchi la nyuma, na mimi nije nilinde mlango.

Bado sijamaliza. Enzi hizo za Wapuritani, mwanamke akiwajibu wakubwa wa kanisa aliweza kusimamishwa mbele ya watu, karatasi kifuani imeandikwa kosa lake. Madam alitaka kuichapa hiyo, na akahitaji mzee wa kanisa wa kunyoosha kidole. Akaniita mimi. Mimi, ambaye mara ya mwisho niliingia kanisani kukwepa mvua, nikavishwa joho na kofia ndefu kama sufuria ya ugali, nikaambiwa nikasirike. Ndinda akasimama mbele yangu na karatasi yake. Kawaida kazi hiyo ya kukaa kwa picha anaifanya kwa kucheka. Siku hiyo ulikuwa umeshampigia simu, na mimi sikujua.

"Inamisha kichwa kidogo, Ndinda," Madam akasema.

Hakuinamisha.

"Kidogo tu."

"Huyu mama hakufanya kitu, Madam. Ainamishe kwa nini?"

Madam akaweka penseli chini. Mimi nikashusha kidole, nikamuuliza mtoto kuna nini. Ndipo akanieleza kwa Kikamba kila neno ulilomwambia. Mengine siwezi kuyaandika, Musau anaweza kuyasoma njiani.

Ile picha ilipochapwa nilikwenda kuitazama. Wewe na mimi tuna sura moja, hilo hata waliotuchukia wanakubali. Yule mzee mwenye kofia ya sufuria ni wewe, Kioko. Mdomo umefungwa hivyo hivyo. Nilitaka kuichana, Madam akaninyang'anya, akasema ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Ataitundika kwenye maonyesho. Watu watasimama kukuangalia huku wanakunywa juisi.

Humu ndani nimeweka karatasi mbili. Iliyo kamili, mtu pamoja na gauni lake, ni ya mama Ndinda, na ukiigusa nitajua. Ya kwako ni ile ya ubao wa pili peke yake: gauni, aproni, hakuna kichwa, hakuna mikono. Nguo uliyoitafuta ndiyo hiyo. Mtu wa kuivaa ulimtia jikoni. Wapelekee wazee wenzako waitazame vizuri kama walivyoitazama ile nyingine.

Mkataba wake unaisha mwezi huu, na tiketi ya kurudi ameshakatiwa. Sanduku lilikuwa tayari, viatu alivyokununulia vimo, wewe usiyestahili hata malapa. Juzi nilipanda kumpelekea Madam kifurushi, nikamkuta Ndinda amelifungua, anarudisha vitu kabatini.

"Nirudi wapi, Baba mkubwa?" akaniuliza. "Niende kukalishwa nyuma, mama ananiangalia?"

Nilishuka nikatafuta kalamu. Unajua mimi na kalamu hatupatani, na hilo pia sitakusamehe. Jumatatu Madam anampeleka kusaini. Musau atakuwa kwako Jumamosi, siku mbili kabla.

Nisalimie mama Ndinda, shemeji yangu, anayestahili mume mwingine na amechelewa. Mama yetu mwambie nguo ya baridi aliyonitumia nimeshaipata, nacheka kila nikiiona kwenye joto hili. Dada yetu Mbula mwambie aache kunitafutia mjane. Mchungaji wako naye msalimie, mwambie Wapuritani wanamuulizia.

Ndinda hajui kama nimeandika. Ukimpigia, usianze na picha. Usianze na Biblia. Usimwambie umemsamehe, maana atakukatia simu na mimi nitampongeza. Muulize tu ndege yake inatua saa ngapi.

Ni mimi kaka yako,
Mutisya, bado nimekasirika