Nani Alikuwa Akimaliza Betri

Mke wangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Nipe kwanza hali yako na ya wanetu, kisha ya mama na goti lake. Rukia bado anakohoa asubuhi? Na yule fundi wa paa la jikoni alirudi, ama bado anakuahidi kesho? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku limeshaanza kuchoma, ila kazi gerejini ipo na chakula kinapita kooni.

Najua simu yetu ya Ijumaa haikukupendeza. Uliniuliza, "Wageni wako hawajambo?" kisha ukanyamaza, na mimi nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Chumba chetu hapa Deira tunalala wengi, kila mtu ana masikio, na siku hizi sijui nani ni nani. Ile picha uliyotumiwa, nami nimetumiwa. Mwanamume aliyebeba begi kwenye kituo cha metro ni mimi, sikatai. Na msichana aliye kando yangu nitakueleza ni nani. Nakuomba uisome barua hii yote kabla hujampelekea mama maneno.

Unamkumbuka Wafula, yule wa Bungoma ninayelala naye chumba kimoja, mlinzi wa jengo kule Jumeirah Village Circle. Ndiye aliyenipatia kazi ya pembeni kwa mzungu mmoja anayeishi kwenye jengo hilo. Mimi humwita Sir tu. Sir alinunua kijumba kilichotumika, cha kupandishwa nyuma ya pikapu. Ukitaka kulala, unalisukuma paa linapanda juu na kuta zake za turubai. Ukitaka kusafiri unalishusha. Ndani mna kitanda, jiko dogo, sinki na friji ndogo. Alitaka kwenda nacho milimani Hatta akalale kule, na alitaka umeme wake mwenyewe: taa, feni, friji, mahali pa kuchaji simu. Kijumba kilisimama kwa miguu yake ya chuma kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya jengo, kimefunikwa turubai kwa ajili ya vumbi.

Nilipokifungua mara ya kwanza nilimlaani aliyekiuza. Waya zilikuwa zimeungwa kwa selotepu, fyuzi hakuna hata moja, na betri ilibandikwa karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Nikaving'oa vyote. Nikafunga sola juu ya paa, betri mpya chini ya kiti, inverta kando yake, na kila waya nikaupa fyuzi yake. Siku nilipowasha zile taa, Sir alicheka kama mtoto. Akasema, "Yalla, Hamisi, bado friji." Nikalifunua turubai mchana kutwa, jua likaijaza betri, jioni nikazima kila kitu, nikafunika na kufunga mlango.

Niliporudi baada ya siku chache, betri ilikuwa tupu kabisa.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikarudia kila kiungo, nikaijaza tena, nikaondoka. Ikawa vilevile. Nikaanza kumshuku muuza betri wa Deira kuwa kaniuzia kitu kilichochoka. Nikaipeleka kwake, akaipima mbele yangu, nzima. Ndipo Sir naye akaanza kunitazama vingine. Siku moja alisimama mlangoni, mikono mifukoni, akaniuliza polepole, "Hamisi, hii ndiyo betri niliyonunua mimi?"

Mwanakombo, swali hilo lilinikata. Huku mtu akikuita mwizi hahitaji ushahidi mwingi. Nikamwonyesha namba zake, akaitikia kwa kichwa, lakini sikuona kama ameamini. Tangu siku hiyo akawa anashuka kila ninapofanya kazi, anasimama na kikombe chake cha kahawa.

Nikaweka mita kwenye waya wa betri, kila kitu kimezimwa. Haikusoma hata chembe. Maana yake hakuna umeme uliokuwa ukivuja. Kulikuwa na mtu anayeutumia. Nikaanza kuangalia vitu vingine. Feni niliiacha imeelekea dirishani, nikaikuta imeelekea sakafuni. Sinki lilikuwa na majimaji. Na humo ndani mlinukia mafuta ya nywele.

Ufunguo wangu haukuwahi kutoka mfukoni. Wa akiba alikuwa nao Wafula.

Nikamuuliza chumbani, nikijifanya nataniana naye. "Wafula, kuna mtu anaingia kwenye kile kijumba?"

"Nani aingie, bro? Labda paka."

"Paka anawasha feni?"

Akageukia ukutani. "Mimi nalinda mageti, silindi betri."

Nikajua kuwa ananidanganya. Nikajiambia anawakodisha watu wapitao, au analeta wanawake, na siku ya kukamatwa jina litakalotajwa ni langu, kwa sababu fundi ni mimi. Tukaacha kula pamoja. Akitoka, namwangalia kabeba nini. Akipiga simu kwa Kibukusu, nasikiliza ingawa sielewi neno. Mara moja nilimwona anatia wali kwenye mfuko wa plastiki, mwingi kuliko wa mtu mmoja.

Basi nikaomba ruhusa gerejini siku ya kazi, adhuhuri, nikaenda bila kumwambia mtu. Kiwanja kilikuwa kinawaka jua. Turubai liko palepale nilipolifunga. Nikapenya chini yake, nikatia ufunguo, ukazunguka vizuri, lakini mlango haukufunguka. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Nikaweka sikio. Nikasikia feni inazunguka, kisha nikaisikia inazimwa.

"Nani humo?"

Nikagonga mlango.

"Fungua. Mimi ndiye fundi."

Ikapita muda, komeo likasogea. Joto lililotoka humo lilinipiga usoni kama la tanuri. Paa lilikuwa chini, kwa hiyo alikuwa amepiga magoti sakafuni, msichana mwembamba, kitambaa kimelowa jasho kichwani. Akasema, "Kaka, tafadhali usipige kelele. Wafula ndiye aliniambia nikae hapa."

Jina lake Nekesa. Kwao na kwa kina Wafula ni ua kwa ua. Alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba moja, ametoroka, na pasipoti imebaki kwa madam, mwenye nyumba.

Usidhani nilimwonea huruma papo hapo. Niliogopa. Kumficha mtu aliyetoroka kwa kafeel wake, mwajiri aliyemwombea viza, ni kosa huku, mtu anafungwa na kurudishwa kwao mikono mitupu. Na zaidi ya kuogopa, sikumwamini. Tunasikia kila siku fulani katoroka na dhahabu ya nyumba. Nikamwambia amwage begi lake. Akalimwaga: nguo mbili tatu, kitana, Biblia, simu iliyopasuka kioo. Hata hapo nikakung'uta nguo. Nikamwambia, "Kesho usiwe hapa."

Akaanza kuzirudisha nguo begini moja moja. Nikamuuliza kwa nini achague kufa na joto humu, kwani Wafula hakuwa na kanisa, hakuwa na marafiki wa kike wa kumpeleka?

"Hapa mlango una komeo," akasema. "Kule chumba changu hakikuwa na komeo. Na mtoto mkubwa wa madam alikuwa anaingia."

Sikuuliza zaidi. Nikatoka nje, nikasimama juani. Nikawafikiria wewe na Rukia. Kisha nikalifunua turubai upande wa sola, ili angalau betri ijae na feni isimzimikie, nikaenda kumtafuta Wafula getini.

Tuligombana kwa sauti ya chini. Alisema aliogopa kuniambia kwa sababu mimi simwamini mtu. Nikamwambia na yeye kanifanya nionekane mwizi. Alikuwa na machozi, jitu zima na sare yake. Tukakubaliana kwamba msichana hawezi kuendelea kukaa pale, na kwamba Wafula akionekana naye kazi imekwisha. Nimpeleke mimi.

Asubuhi yake nikampeleka kwenye ofisi ya ubalozi wetu. Kwenye metro yeye aliketi behewa la wanawake, mimi nikasimama mpakani nikimwona kupitia migongo ya watu. Kila mtu aliyeinua simu nilimwona polisi. Kumbe mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu, ndiye aliyepiga picha nilipombebea begi kituoni. Mpaka leo sijui ni nani, na nikikutana na Mmombasa yeyote namtazama mikono.

Ubalozini alimsikiliza mama mmoja mtu mzima, wakaingia chumbani wao wawili, mlango ukafungwa. Alipotoka, yule mama aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema, "Fundi wa umeme." Akanitazama sana, akaandika. Walimpa mahali pa kulala na wanawake wenzake. Ilichukua wiki nyingi. Mwishowe madam aliitwa, akaja amenuna, akaiweka pasipoti mezani. Lile lingine, la mtoto wake, limeandikwa, lakini sijasikia kama limefika popote.

Kwa Sir nilikwenda mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Nikamwambia betri yako ni ileile, kulikuwa na mtu ndani. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akafikiri, akanyoosha mkono nimpe ufunguo. "Khalas, Hamisi. Hukunambia, nami sikusikia. Usirudi tena hapa." Wala hakunipeleka popote. Kila nikiona gari lake namshuku bado, labda siku moja atabadili moyo. Friji sikuwahi kuifunga.

Haya ndiyo yote. Ungeweza kusema nimeyatunga, na mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo. Kwa hiyo barua hii sikumpa mtu wa mizigo, nimempa mwingine. Ndege yake inashukia Mombasa, na mjomba wake anakaa Likoni, si mbali na huko. Nilimwomba aje kwako kwanza. Huyo aliyekukabidhi barua, anayekungoja uimalize, ndiye Nekesa. Mtazame mwenyewe. Muulize unalotaka, lakini usimuulize lile mpaka aseme mwenyewe, na akitaka kulala, mwache alale mpaka ashibe.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti nimempa huyohuyo mgeni. Nisalimie shemeji Bakari wa pale dukani, na shangazi Mwanaidi, mwambie sijasahau kitambaa chake. Rukia na mdogo wake nawabusu vichwani.

Ijumaa nitapiga simu tena. Ukinyamaza nitaelewa, lakini safari hii nami sitakata.

Wako mumeo,
Hamisi
Deira, Dubai